Jenereta Ndogo na Mafuta Yake: Namna ya Kuchagua katika Nyanda za Juu za Kasulu na Kibondo

Kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini-mashariki, nchi hupanda. Ziwa lenyewe liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, lakini vilima vya Uha, ambamo zimo wilaya za Kasulu na Kibondo, aghalabu huwa kati ya mita 1,200 na 1,700. Jina la Heru Juu huko Kasulu lenyewe linakumbusha mwinuko huo. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, nayo huja na radi nyingi na upepo. Matawi huangukia nyaya, nguzo huinama, na umeme hukatika.

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme kutoka mitambo ya dizeli ya TANESCO iliyosimama peke yake, mbali na gridi ya Taifa. Mwaka 2022 gridi ilifika mkoani Kigoma, na mitambo hiyo ya dizeli ikaanza kuzimwa. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, gridi nayo ina udhaifu wake: hitilafu ya mahali pamoja inaweza kuvuta giza hadi mahali pa mbali sana. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme kwa wakati mmoja.

Kwa shule ya bweni giza la saa chache ni usumbufu. Kwa kituo cha afya ni jambo jingine kabisa. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika joto la kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mama anayejifungua usiku huhitaji mwanga. Mtoto mwenye homa ya mapafu huenda akahitaji oksijeni. Ndiyo sababu shule, vituo vya afya na ofisi nyingi za nyanda hizo hununua jenereta ndogo ya akiba. Lakini si kila jenereta iliyonunuliwa huweza kuufanya mzigo iliyonunuliwa kuufanya. Makala haya yanaeleza kwa nini, na yanaonyesha utaratibu wa kuchagua: kwanza kupima mzigo, pili kuchagua mashine kulingana na mwinuko wa nchi, na tatu kuchagua mafuta. Wanunuzi wengi hufuata utaratibu huo kinyumenyume.

Jenereta hufanyaje kazi?

Jenereta ya kubebeka ni mashine mbili zilizofungwa kwenye fremu moja. Ya kwanza ni injini, ambayo huunguza mafuta na kugeuza joto kuwa mzunguko. Ya pili ni mtambo wa kuzalisha umeme, ambamo sumaku na nyaya huzungukiana na kugeuza mzunguko kuwa mkondo geu wa umeme. Jenereta haiumbi nishati. Huibadili tu kutoka umbo moja hadi jingine, na katika kila badiliko sehemu kubwa hupotea kama joto.

Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, sawa na kilowati-saa 9 kwa makadirio. Jenereta ndogo ya petroli hugeuza kiasi cha asilimia 15 hadi 20 tu ya nishati hiyo kuwa umeme. Kwa hiyo lita moja hutoa takriban kilowati-saa moja na nusu, ikiwa mashine inafanya kazi kwa mzigo unaoifaa. Iliyobaki hutoka kwa njia ya bomba la moshi na mapezi ya silinda.

Mashine nyingi za aina hii huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa mkondo wa herzi 50, sawa na ule wa TANESCO. Ikiwekewa mzigo kupita uwezo wake, injini huelemewa, mizunguko hupungua, na voti hushuka. Taa zitafifia tu, lakini mota ya jokofu hunguruma bila kuzunguka, nyaya zake hupata joto, na hatimaye huungua. Kwa hiyo jenereta iliyo dogo kuliko mzigo haitoi huduma pungufu tu, bali huharibu vifaa.

Hatua ya kwanza: kupima mzigo

Kila kifaa cha umeme huwa na kibao au karatasi inayoonyesha wati zake. Kazi ya kwanza ni kuziorodhesha na kuzijumlisha, lakini kwa vifaa vile tu ambavyo haviwezi kungoja. Pasi, jiko la umeme na birika vinaweza kungoja. Tuseme kituo cha afya cha kijijini kina mahitaji haya ya dharura:

Taa 8 za wati 10 kila moja: wati 80.
Jokofu la chanjo: wati 150.
Mtambo mdogo wa kuchuja oksijeni kutoka hewani: wati 350.
Mashine ya kufyonza majimaji kooni: wati 150.
Kompyuta na kuchajia simu: wati 70.

Jumla ni wati 800. Hata hivyo hesabu haijaisha. Mota ya jokofu inapoanza kuzunguka kutoka hali ya kusimama, huvuta umeme mwingi zaidi kuliko inapokwisha kushika kasi, mara nyingi mara tatu hadi saba. Hali hiyo hudumu kwa sekunde moja au mbili tu, lakini ni sekunde hizo zinazoizima jenereta. Tukikadiria kwamba jokofu huvuta wati 600 linapoanza, basi wakati vifaa vingine vyote vinafanya kazi mzigo wa kilele utakuwa wati 650 na 600, yaani wati 1,250. Mashine ya oksijeni na ya kufyonza nazo zina mota. Kwa hiyo vifaa vyenye mota viwashwe kimoja baada ya kingine, kikubwa kwanza, visiwashwe vyote kwa pamoja.

Mnunuzi ajihadhari pia na maandishi ya dukani. Jenereta nyingi huandikwa nguvu ya juu kabisa, ambayo mashine huweza kuitoa kwa dakika chache, kando ya nguvu ya kudumu, ambayo huweza kuitoa kwa saa nyingi. Nguvu ya kudumu ndiyo ya kuhesabiwa. Tena, herufi kVA si sawa na kW. Kwa kawaida kVA huzidishwa kwa 0.8 ili kupata kilowati. Jenereta ya kVA 2.5 hutoa kilowati 2.

Hatua ya pili: mashine na mwinuko wa nchi

Hapa ndipo nyanda za Kasulu na Kibondo hutofautiana na Dar es Salaam au Tanga. Petroli haiungui peke yake. Huungua pamoja na oksijeni. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa, zahitajika kilo 14.7 za hewa. Injini huvuta hewa hiyo kwa pistoni inayoshuka ndani ya silinda, na ujazo wa silinda haubadiliki popote mashine ipelekwapo. Kinachobadilika ni hewa yenyewe.

Katika usawa wa bahari lita moja ya hewa ina uzito wa takriban gramu 1.2. Katika mwinuko wa mita 1,500 kanieneo ya hewa hupungua hadi asilimia 84 hivi ya ile ya pwani, na lita moja ya hewa hubakia na uzito wa gramu moja tu. Kwa hiyo silinda ya sentimita za ujazo 200, ambayo pwani huvuta gramu 0.24 za hewa kwa kila pigo, huku juu huvuta gramu 0.20. Mashine ni ile ile, lakini imenyimwa sehemu moja katika sita ya pumzi yake. Mtu wa pwani anayepanda mlima hutweta kwa sababu iyo hiyo.

Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba injini isiyo na pampu ya kusukumia hewa hupoteza asilimia 3.5 hivi ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Katika mita 1,500 hasara ni mara tano ya hiyo, yaani asilimia 17.5. Sasa turudi kwenye kituo chetu cha afya chenye kilele cha wati 1,250. Jenereta ya wati 1,500 ingekitosha vizuri kama kingekuwa pwani. Ikipelekwa kwenye kilima cha mita 1,500, nguvu yake hubaki wati 1,237 tu, na jokofu linapotaka kuanza, mashine huzimika. Mwuzaji hakusema uongo wala mashine haina ubovu. Ni hesabu ambayo haikufanywa. Jenereta ya wati 2,000 hubakiwa na wati 1,650, nayo hufaa.

Je, si bora basi kununua kubwa kabisa, tuseme ya wati 5,000? La. Injini kubwa inayozungushwa kwa mzigo mdogo hula mafuta mengi kwa kila kilowati-saa, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta hutumika kuizungusha yenyewe. Mzigo wa kawaida unaofaa ni kati ya nusu na robo tatu ya nguvu ya mashine.

Mwinuko una athari nyingine. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani huendelea kutoa petroli ya pwani, ilhali hewa imepungua. Mchanganyiko huwa na petroli nyingi mno, moshi huwa mweusi, na plagi hushika masizi. Katika sehemu zilizo juu sana fundi huweza kufunga kipande chenye tundu dogo zaidi la kupitishia petroli. Marekebisho hayo hupunguza moshi na ulaji wa mafuta, lakini hayairudishii injini nguvu iliyopotea, kwa maana hewa haikuongezeka.

Hatua ya tatu: dharura ya saa na dharura ya miezi

Kabla ya kuchagua mafuta, hapana budi kuuliza: dharura inayotarajiwa ni ya muda gani? Kisiwa cha Unguja kinatoa funzo zuri. Kisiwa hicho kilitegemea waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Tanzania Bara. Mwezi wa Mei 2008 waya huo ulipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mwezi wa Desemba 2009 hitilafu ilitokea tena, na safari hii umeme haukurejea hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na wenye uwezo waliishi kwa jenereta.

Katika kukatika kwa saa nne, bei ya mashine na wepesi wa kuiwasha ndiyo mambo makubwa. Katika kukatika kwa miezi mitatu, bei ya mashine ni kitu kidogo. Gharama ya mafuta na uimara wa injini huwa ndiyo mambo makubwa. Pia ikumbukwe kwamba pampu za vituo vya mafuta huendeshwa kwa umeme. Umeme ukikatika, kituo kisicho na jenereta yake hakiwezi kumuuzia mtu hata lita moja. Akiba ya mafuta huwekwa kabla ya giza.

Petroli. Jenereta ya petroli ni nyepesi, mara nyingi huinuliwa na mtu mmoja au wawili, ni rahisi kununua, na huwaka upesi. Petroli hupatikana hata vijijini kwa sababu ya pikipiki. Kasoro zake ni tatu. Hula mafuta mengi. Petroli huchacha ikihifadhiwa kwa miezi kadhaa, ikaacha utando wa gundi ndani ya kabureta. Na mvuke wake ni hatari mno, kwani huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena petroli huweza kuchanganywa na mafuta ya taa na wauzaji wasio waaminifu, nayo injini hugonga na kupoteza nguvu. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kutia kiashiria maalumu ndani ya mafuta ili uchanganyaji huo uweze kutambulika.

Dizeli. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hubana hewa kwa nguvu hadi ipate joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa sababu ya mbano huo ufanisi wake ni mkubwa zaidi, na lita moja ya dizeli huweza kutoa kilowati-saa mbili na nusu au zaidi. Mafuta yenyewe hayashiki moto kwa urahisi kama petroli, na yakihifadhiwa vizuri, bila maji wala vumbi, hukaa mwaka mzima. Lakini jenereta ya dizeli ni nzito na ghali, na zile ndogo kabisa za madukani mara nyingi huwa na nguvu ya kilowati 3 au zaidi. Ikipewa mzigo mdogo kwa muda mrefu, silinda haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi hujaa. Kwa hiyo dizeli huifaa shule ya bweni au hospitali yenye mzigo mkubwa na wa saa nyingi, si nyumba yenye taa sita.

Gesi ya mitungi. Ziko jenereta zinazotumia gesi ileile ya kupikia, na nyingine huweza kutumia gesi au petroli kwa zamu. Gesi haichachi hata ikikaa miaka, haiachi utando, na moshi wake ni safi zaidi. Mtungi wa kilo 15 huweza kutoa umeme wa kilowati-saa 30 na kitu. Lakini injini ya petroli ikitumia gesi hupoteza nguvu zaidi, asilimia 10 hivi, juu ya ile iliyokwisha chukuliwa na mwinuko. Pia gesi ya kimiminika hupoa inapogeuka mvuke. Katika usiku wa baridi mtungi unaotumiwa kwa kasi hupungukiwa na msukumo. Na pale ambapo mitungi haijazwi karibu, ubora wote huo hauna msaada.

Mawese. Mwanafunzi wa Kigoma huenda akauliza: kwa nini mkoa wenye michikichi mingi uagize mafuta kutoka ng'ambo? Swali hilo si la mzaha. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini iliyobuniwa na Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mawese nayo huungua ndani ya injini ya dizeli, lakini ni mazito mno, na katika asubuhi za baridi za Kasulu huganda. Yakitiwa yalivyo, huziba vichujio na vinyunyizio. Hufaa yakibadilishwa kwanza kikemia kwa alkoholi na magadi makali, njia iliyo jamaa ya utengenezaji wa sabuni, ambapo glisarini hutengwa na mafuta mepesi hupatikana. Kazi hiyo yataka vipimo na maabara. Haifai kufanyiwa majaribio kwenye jenereta pekee ya kituo cha afya.

Kwa kituo chetu cha mfano, ambacho mzigo wake ni wati 800 na umeme hukikatikia kwa saa chache, jenereta ya petroli ya wati 2,000 ndiyo chaguo la busara. Kwa saa sita kitahitaji kilowati-saa 4.8, yaani lita nne hivi za petroli, kwa kuwa mzigo si kamili na ufanisi hupungua kidogo. Akiba ya lita 20 ingetosha kwa saa 30, na ingetumika na kubadilishwa kabla haijachacha. Kama kituo hicho kingepanuka kuwa hospitali yenye chumba cha upasuaji, hesabu ingegeukia dizeli. Na pale ambapo mzigo ni taa na simu tu, betri na paneli ya jua mara nyingi hutosha bila jenereta.

Hatari tatu zisizosameheka

Ya kwanza ni hewa ya sumu. Mafuta yasipoungua kikamilifu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hujishikiza kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu hukosa hewa ilhali anapumua. Huanza kwa maumivu ya kichwa na usingizi, na aliyelala haamki. Mvua inaponyesha, watu hushawishika kuingiza jenereta ndani au barazani. Isifanyike kamwe, hata madirisha yakiwa wazi. Mashine ikae nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, bomba la moshi likielekezwa mbali na nyumba, na ijengewe kibanda cha paa kisicho na kuta.

Ya pili ni kurudisha umeme kwenye nguzo. Wako watu wanaochomeka waya wa jenereta katika soketi ya ukutani ili nyumba yote iwake. Umeme huo hutoka kupitia mita hadi kwenye transfoma, ambayo hufanya kazi kinyume na kuupandisha hadi maelfu ya voti. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kwamba njia imezimwa, huweza kufa papo hapo. Kinga yake ni swichi ya kubadilishia, inayofungwa na fundi aliyeidhinishwa, ambayo haiwezi kuunganisha nyumba na jenereta na gridi kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni moto. Injini izimwe na kuachwa ipoe kabla ya kuongezwa mafuta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na huweza kufikia jiko lililo mbali. Petroli isiwekwe katika chumba cha kulala wala jikoni, wala isitiwe katika chupa za maji au soda ambazo mtoto huweza kuzidhania kinywaji.

Jambo la mwisho ni utunzaji. Jenereta ya akiba huharibika zaidi kwa kukaa kuliko kwa kutumika. Iwashwe walau mara moja kwa mwezi kwa nusu saa, ikiwa na mzigo. Oili ikaguliwe kila mara. Na kabla ya kuiweka kwa muda mrefu, bomba la petroli lifungwe na injini iachwe izunguke hadi kabureta ikauke. Mashine ambayo haikujaribiwa wakati wa mwanga haiwezi kutegemewa wakati wa giza.

Maswali ya darasani

1. Shule ina taa 40 za wati 10, kompyuta 4 za wati 60, na jokofu la wati 120 linalovuta wati 500 linapoanza. Tafuta mzigo wa kawaida na mzigo wa kilele.

2. Shule hiyo iko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Jenereta yake iwe na nguvu isiyopungua wati ngapi kama zilivyoandikwa kiwandani?

3. Oktani huungua kwa mlinganyo 2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O. Eleza kwa nini upungufu wa oksijeni huleta kaboni monoksidi na masizi.

4. Tembeleeni kituo cha afya au ofisi iliyo karibu, kwa ruhusa ya mkuu wake, mwandike wati za vifaa vyake vya dharura. Je, jenereta iliyopo inatosha kwa mwinuko wa mahali hapo?